Pumzi ya Ngoma ya Tatu

Tangu mpira ule umpige mdomoni mwezi wa Mei, Delphine Metoyer alikuwa hajalia hata mara moja, na hakuwa na nia ya kuanzia Jumatatu ya kambi ya bendi, mbele ya kadamnasi. Lakini alipoingia chumba cha bendi akakuta kasha la tarumbeta yake limepandishwa juu ya kabati, kule kunakotupwa vitu visivyo na mwenyewe, macho yalianza kumchoma. Akainama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena, mpaka macho yakatulia.

Mpira wenyewe ulikuwa wa besiboli, wa mchezo tu, na aliyeurusha ni binamu yake ambaye hata leo akimwona hujificha nyuma ya mlango. Uling'oa meno mawili ya mbele na kuuacha mdomo wa juu umekufa ganzi katikati. Meno alipewa mengine, ya bandia lakini mazuri, huwezi kujua. Mdomo ndio hauuzwi dukani. Daktari alisema mshipa wa fahamu unaweza kuamka mwakani, na unaweza usiamke kabisa. Mwakani! Mwakani Delphine atakuwa ameshamaliza shule, na bendi ya shule haimsubiri mtu.

Mtu asiye wa mji huu wa Belle Pointe atasema, ah, tarumbeta tu hiyo, si roho. Mwache aseme. Huku kwetu mtu haulizwi umesoma nini wala unafanya kazi gani. Anaulizwa, "Wewe ulikuwa nani?" na jibu lake ni ala aliyopiga shuleni. Fundi bomba ni tuba. Mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Monika ni saksafoni, na alikuwa mbaya, kila mtu anajua. Mama yake Delphine ni klarineti mpaka kesho, ingawa ana miaka zaidi ya ishirini hajaishika. Sasa Jumapili ile, siku moja kabla ya kambi, bibi mmoja aitwaye Miss Eulalie, ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, alimshika Delphine mkono mlangoni mwa kanisa akamuuliza, "Na wewe mwanangu, ni nani?" Delphine akafungua mdomo, akageuka kumtazama mama yake. Ilibidi mama yake amwokoe kwa kuulizia mguu wa bibi.

Bwana Fontenette, mwalimu wa bendi, si mtu wa kupaza sauti. Akikupenda anakuita kwa jina lako, akikasirika anakuita kwa jina la ukoo, basi. Jumatatu ile alimwita pembeni kwa jina lake. Alimweleza kwamba ngoma ya tatu haina mtu, kwamba mwenyewe amehamia Texas na wazazi wake. Ajaribu. Jumamosi jioni, kama kila mwaka, kambi itafungwa kwa onyesho mbele ya wazazi, na Alhamisi yeye Fontenette atazisikiliza ngoma. Ikikaa, imekaa. Isipokaa, ngoma zitabaki nne na Delphine atabeba bango la shule mbele ya bendi.

Bango! Kina mama wanalionea fahari bango, wanalipiga picha. Lakini wanafunzi wote wanajua bango hupewa nani. Hupewa mtoto asiyeweza kitu, ili naye asikose sare. Delphine alisema, "Sawa, mwalimu," na moyoni akaapa kwamba siku atakayoshikishwa bango ndiyo siku atakayovua sare ile na asiivae tena.

Ngoma zenyewe ziko tano, za kuvaliwa kifuani kwa kibebeo cha chuma kinachokula mabega. Ya kwanza ni ndogo, sauti yake ya juu. Ya tano ni kama pipa la mafuta, ikilia unaisikia tumboni. Hakuna anayepiga wimbo peke yake. Kila mtu ana sauti moja tu, na pigo linaanza kwa wa kwanza, linapita kwa wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka wa tano, upesi upesi, kama mtu anashuka ngazi mbio. Mmoja akichelewa, kidato kimevunjika, na mshukaji kaanguka kifudifudi.

Ya kwanza na ya pili walizipiga mapacha, Jarvis na Jervis, vijana wa kucheka ovyo. Ya nne alikuwa Oneida, msichana mpana, mkimya, mla mbegu za alizeti. Ya tano, na ukuu wa ngoma zote, ilikuwa ya Alcide Broussard. Alcide ni mrefu kama mlingoti na ana mdomo usiojua kupumzika. Baba yake alikuwa ngoma ya tano, na babu yake pia, na mwaka uliopita kwenye mashindano waamuzi waliandika kwamba ngoma za Belle Pointe "zinajikokota." Alcide alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Hakuwa na nafasi ya huruma kwa mtu mwenye ganzi ya mdomo.

Jumatatu ile jua la Agosti liliwaka tangu asubuhi, si jua la kuchezea. Hewa ilikuwa nzito na ya majimaji, inakushika shati kama mdai. Kila mtu na dumu lake la maji. Walisimama kwenye nyasi kando ya uwanja, wakiruka vichuguu vya wale sisimizi wekundu wanaouma kama makaa, na Alcide akahesabu. Pigo likashuka: la kwanza, la pili, pengo, la nne, la tatu, la tano.

"Tena," akasema Alcide.

Tena, na tena. Kila mara ngoma ya tatu ilikuja nyuma, si sana, kiasi cha kope kupepesa, lakini kwenye ngoma kope ikipepesa ndoa imeshavunjika. Delphine hakuelewa. Kuhesabu anajua. Amehesabu mapigo tangu akiwa mtoto wa darasa la nne. Mikono yake haikuwa mizito. Kilikuwa kitu gani basi?

Alcide ndiye aliyekiona. Alivua ngoma yake, akaja akasimama mbele yake, akamkodolea macho wakati anapiga. Halafu akaangua kicheko.

"We unavuta pumzi," akasema. "Kabla hujapiga, unavuta pumzi mpaka mabega yanapanda. Dada, hii ngoma haipulizwi. Hakuna tundu. Nimeikagua."

Mapacha walicheka mpaka wakakaa chini. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Miaka minane Delphine alikuwa hajawahi kutoa sauti mbele ya watu bila kwanza kujaza kifua. Kwa mpuliza tarumbeta, pumzi ndiyo mlango. Huwezi kuingia ukaruka mlango. Sasa mikono ilikuwa inasubiri kifua kijae, na kifua kilikuwa kinachukua muda wake. Alijaribu kuibana. Akabana pumzi mpaka masikio yakalia, akapiga mapema. Akajaribu kupumua kwa pua, akapiga hovyo. Jioni yake jina lilikuwa limeshaenea kambi nzima, mpaka kwa watoto wapya wa filimbi waliokuwa hawajamjua: Pumzi. Pumzi huyooo. Pumzi, mbona umechelewa?

Ya Jumanne ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu siku hiyo walianza wimbo wenyewe wa onyesho. Katikati ya wimbo bendi yote hunyamaza, tarumbeta moja inatoka peke yake, inapanda polepole mpaka noti ya mwisho, na ile noti inashikwa mapigo manane. Ikikatika tu, ngoma tano zinashuka ngazi, na bendi nzima inaingia kwa kishindo. Kipande kile cha tarumbeta kilikuwa cha Delphine. Aliahidiwa tangu Machi. Alikuwa amekipiga kitandani, bafuni, na kwenye gari la mama yake mpaka mama akaomba suluhu.

Sasa kipande kile alipewa Kentrell, mvulana wa mwaka wa pili mwenye masikio yaliyosimama na sauti nzuri, haki ya Mungu, sauti nzuri. Lakini alikuwa mwoga, na woga hula pumzi. Alivuta pale pasipotakiwa, na alipofika noti ya mwisho hakuwa na kitu kifuani. Noti ikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ikafa kwenye pigo la tano au la sita. Ngoma zilikuwa bado zinahesabu. Uwanja mzima ukabaki kimya, watu wanatazamana, halafu ngoma zikaingia peke yao kama wageni waliokosea nyumba.

Wakati wa mapumziko Kentrell alimfuata chini ya majukwaa ya watazamaji, kwenye kivuli. Akasimama akivuta vidole. Alimwomba amwonyeshe pa kupumua.

"Kaulize tarumbeta," Delphine akamjibu. "Mimi ni ngoma. Hujasikia?"

Kijana akaondoka na masikio yake. Delphine akabaki na wali na maharage mekundu aliyofungiwa na mama yake, akaufunika tena bila kuuonja. Alijiona mbaya. Alijua kabisa pa kupumua ni wapi. Angeweza kumwonyesha kwa kidole. Lakini mtu akikukuta umeibiwa akakuomba ufunguo wa nyumba, utampa?

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumatano mzaha ulitumbua kitu kingine.

Ilikuwa mchana, wamechoka, hakuna upepo, na pigo lilikuwa limevunjika mara nyingi kiasi kwamba hata Alcide alikuwa amemaliza matusi. Akaweka mikono kiunoni. "Haya basi," akasema, "tufuate dini ya Pumzi. Wote. Vuteni kama mnataka kupiga mbizi." Akahesabu, na kabla ya pigo akavuta pumzi kwa mbwembwe, mabega yakapanda mpaka masikioni, macho yakamtoka, anamwigiza Delphine. Mapacha wakavuta kwa makelele kama nguruwe. Oneida naye akatema mbegu yake akavuta. Delphine, uso unawaka kwa hasira, akavuta kama kawaida yake, kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

Pigo likashuka. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Ngazi nzima, kidato kwa kidato, safi kama imechongwa.

Hakuna aliyecheka. Jarvis alimtazama Jervis. Kutoka upande wa pili wa uwanja, watu wa saksafoni walikuwa wamegeuka wote kuangalia ni nani kapiga vile.

"Ilikuwa bahati," Alcide akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Wakarudia. Wakavuta pamoja, wakapiga pamoja. Wakarudia tena wakitembea, hatua nane kutoka mstari wa chokaa hadi mstari wa chokaa. Ikakaa. Alcide alipojaribu kuhesabu bila pumzi, ikavunjika, walipovuta, ikarudi. Hapo ndipo Delphine alipoelewa kilichokuwa kinamchelewesha: alikuwa anavuta peke yake, baada ya wenzake kuwa wameshaanza safari. Akivuta pigo moja mapema, nao wakavuta naye, watu watano wanakuwa kifua kimoja. Miguu inaweza kudanganya, hesabu inaweza kudanganya, lakini huwezi kuvuta pumzi na mtu halafu ukaondoka bila yeye.

Alcide hakumsifu. Alimpa dumu lake la maji, lenye barafu, kitu ambacho hajawahi kumpa binadamu. Jina la Pumzi halikuondoka, ila toka siku hiyo halikuuma kama mwanzo.

Alhamisi, siku ya kusikilizwa, mbingu zilifunga. Radi ilipiga nyuma ya mnara wa maji na Bwana Fontenette akapuliza firimbi. Sheria ni sheria, radi ikionekana hakuna mtoto uwanjani. Mvua ilinyesha kama inalipiza kisasi. Watoto wote wakasukumana ndani ya chumba cha bendi, na kwenye chumba kile ukipiga ngoma tano rangi inabanduka ukutani. Mwalimu akatangaza kwamba hatawasikiliza watu wa ngoma humo. Atawasikiliza Jumamosi, kwenye onyesho lenyewe, na baada ya hapo atasema ni tano au ni nne.

Maana yake ni kwamba Delphine atahukumiwa mbele ya mji mzima. Na kibaya zaidi, pigo ambalo mwalimu alitaka kulisikia ni lile linalofuata noti ya Kentrell. Ngazi yao ilikuwa nzima sasa, lakini noti ya kijana ikikatika mapema, ngazi itashuka kutoka hewani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata vidole vitano havivunji, kama cha sita kimejikunja.

Kentrell alikuwa amekaa pembeni chini ya kabati, tarumbeta magotini, midomo imevimba kwa kujaribu. Juu ya kichwa chake palikuwa na lile kasha. Delphine alilitazama kasha, akamtazama kijana, na akasikia aibu ya Jumanne inampanda upya. Akaenda akakaa sakafuni karibu naye.

"Usivute baada ya noti ya sita," akasema bila salamu. "Vuta baada ya ya nne. Pale wimbo wenyewe unataka kupumua. Sikiliza." Akauimba, polepole, kwa mdomo wake wenye ganzi, na alipofika mahali pale akavuta, akamwekea mkono wake kijana ubavuni asikie mbavu zinavyofunguka. "Chini, huku. Siyo mabegani. Nikikuona mabega yanapanda nakuzaba kofi."

Wakafanya mvua nzima. Kentrell alipopiga, Delphine alivuta naye kila mahali pa kuvuta, si kwa kumfundisha tu, bali kwa sababu kifua chake hakikujua kukaa kimya wimbo ule ukipigwa. Noti ya mwisho ikarefuka. Mara nyingine ilifika ya nane. Mara nyingine haikufika.

"Ikikuishia, iache," Delphine akamwambia. "Usiikamue. Noti ikikamuliwa hata mbwa anajua."

"Nikiiacha mapema, nyie mtakuwa bado mnahesabu," Kentrell akasema. "Patakuwa na shimo."

Delphine akamwambia ale ndizi kabla ya onyesho, basi.

Jumamosi jioni majukwaa yalijaa. Kina baba walikuwa wanakaanga kambale nyuma ya goli, harufu inafika mpaka mistarini, na kina mama wanajipepea kwa karatasi za kanisani. Bendi ilisimama kuelekea magharibi, na jua lilikuwa limeshuka sawasawa nyuma ya jukwaa la kiongozi anayeonyesha mapigo kwa mikono. Kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka watu wanashangaa upya. Huoni mikono, unaona weusi unaocheza ndani ya moto. Bwana Fontenette alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kofia imeshuka machoni.

Wakaanza vizuri. Wakatembea vizuri. Jasho lilimwingia Delphine machoni na kibebeo kilikuwa kinamchuna bega la kushoto, lakini ngoma ya tatu ililia kila ilipotakiwa. Halafu bendi ikanyamaza, na tarumbeta ikatoka peke yake.

Kentrell aliianza kwa utulivu. Akavuta baada ya noti ya nne, chini, kama alivyofundishwa, na Delphine akavuta naye. Sauti ikapanda. Ikapita juu ya vichwa vya watu, ikafika noti ya mwisho, na mtoto akaishika. Pigo moja. Mbili. Delphine alikuwa anahesabu kama wenzake. Tatu. Na kwenye la nne akasikia kitu ambacho masikio ya watu wa ngoma hayakisikii: sauti haijatetemeka bado, lakini imekonda. Alikijua kitu kile kwa tumbo lake mwenyewe. Kijana alikuwa amebakiza pigo moja, mengi sana mawili.

Hesabu ilisema bado. Alcide alisema bado. Naye Alcide ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na neno "zinajikokota" lilikuwa bado kichwani mwake. Delphine akivuta sasa na wenzake wasimfuate, atakuwa amevunja ngazi peke yake, mbele ya mji, na Jumatatu atashikishwa bango. Asipovuta, yeye atabaki salama na hesabu yake, na shimo litamfungukia yule mtoto mwenye masikio.

Akavuta.

Hakuvuta kidogo. Alivuta kwa kifua chake chote, kwa sauti, kama mtu anayetoka chini ya maji, mpaka walio mstari wa mbele wakasikia. Na Jarvis, ambaye ndiye mwenye kuanza, alikuwa na hesabu kichwani na pumzi ile sikioni, na siku tatu alikuwa amefunzwa kimoja kati ya hivyo viwili. Akavuta. Jervis akavuta. Oneida akavuta. Mwishowe Delphine akasikia upande wake wa kulia vibebeo viwili vikipanda, na kimoja kilikuwa cha ngoma ya tano, cha Alcide.

Noti ya Kentrell ikaisha, haikukamuliwa, iliachwa tu, na mahali palepale ilipoishia ngoma zikaipokea. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Hapakuwa na shimo hata la kupitisha uzi. Bendi yote ikaingia, maana nayo ilikuwa imesikia pumzi na kifua hakina subira, na majukwaa yakasimama. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyopangwa. Waache wadhani hivyo hivyo.

Walipotoka uwanjani Alcide alivua ngoma yake, akaiweka chini, akamgeukia.

"Umeniibia mapigo mawili, Pumzi."

"Yalikuwa hayapo," Delphine akasema. "Ungehesabu hewa."

Alcide akamtazama. Alikuwa bado anatweta. Akampiga kofi la mgongo lililomsogeza hatua mbili, akaenda kumtafuta baba yake.

Halafu Bwana Fontenette akaja. "Metoyer," akasema, na Delphine akasimama wima, maana ni jina la ukoo. "Ile noti ina mapigo mangapi?"

"Manane, mwalimu."

"Leo?"

"Sita."

"Nani ameamua?"

Angeweza kusema Kentrell. Angeweza kusema jua, hawakuona mikono. "Mimi," akasema.

Mwalimu akavua kofia, akajifuta kipara, akaivaa. Akasema mashindanoni hali itakuwa hiyohiyo, jua na woga, na kwamba kuanzia Jumatatu ngoma zitaingia kwa pumzi, hesabu itafuata. Alipokuwa anaondoka alisema kana kwamba ni kitu kidogo, "Ngoma ni tano. Nenda kale, Delphine."

Delphine alisimama palepale na kibebeo mabegani. Kule mbele Kentrell alikuwa amebebwa juu juu na wajomba zake, anacheka, ndizi mkononi. Delphine akangoja wivu uje, kwa kuwa ulikuwa umeshazoea njia. Ukaja kweli, lakini mdogo, na haukukaa.

Alienda kwenye kambale akiwa bado na ngoma kifuani. Miss Eulalie alikuwa amewekewa kiti karibu na meza, sahani mapajani, anachambua miiba kwa vidole. Alisikia chuma kinagongana, akainua yale macho yake yenye ukungu.

"Na wewe mwanangu," akauliza, "ni nani?"

"Ngoma ya tatu, bibi."

Bibi akaacha kutafuna. "Ya tatu? Ndiyo wewe unayepumua kwa makelele vile? Mwanangu, nimekusikia mpaka huku. Nilidhani kuna mtu anazama."

Delphine akaangua kicheko, na katikati ya kicheko, bila taarifa, machozi yote ya tangu Mei yakaanza kutoka. Hakuinama kufunga kamba za viatu. Miss Eulalie alipapasa mezani akapata kipande cha kambale, cha moto, akamwekea kiganjani. Akamwambia ale kwanza, ngoma ni nzito.